Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Misemo ya Mtaani ya Kumtuliza Mtu

Kila anayezungumza Kiswahili amewahi kuambiwa atulie, na amewahi kumwambia mwenzake atulie. Hata hivyo, wengi huyatumia maneno haya bila kuyatazama, kisha wakashangaa pale neno walilodhani la kupoza linapowasha moto. Majibu yafuatayo yanahusu misemo inayosikika mitaani na kwenye simu, hasa Tanzania na Kenya: maana yake, taswira iliyomo ndani yake, na mtu anayefaa kuambiwa.

Kwa nini Kiswahili kina misemo mingi sana ya kumwambia mtu apunguze hasira?

Sababu ya kwanza ni kwamba misemo ya mtaani huchakaa upesi. Msemo ukishasemwa na kila mtu, pamoja na wazazi na walimu, vijana huuacha na kutunga mwingine, ilhali ule wa zamani haufi, bali hubaki ukitumiwa na rika lililoukuza. Ndiyo maana katika familia moja unaweza kumsikia babu akisema "punguza mori", baba akisema "punguza jazba", na kijana akisema "punguza mzuka", wote wakiwa na nia moja.

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Kiswahili huichukulia hasira kuwa kitu kinachompanda mtu. Tunasema mtu amepandwa na hasira, na kitenzi hichohicho ndicho tunachokitumia kwa mtu aliyepandwa na pepo. Kwa kuwa hasira hupanda, karibu kila msemo wa kutuliza huelekea chini: shusha pumzi, punguza, weka chini, kaa, meza, tua. Ukiishika taswira hii moja ya kupanda na kushuka, utauelewa msemo mpya hata kabla hujaelezwa maana yake.

Neno "tulia" lenyewe lina asili gani?

"Tulia" limetokana na kitenzi "tua". Ndege hutua, jua hutua, na mtu aliyebeba mzigo huutua. Ukoo wake ni mkubwa: tulia, tuliza, tulizana, mtulivu, utulivu. Kwa hiyo mtu anayeambiwa atulie anaambiwa, kwa undani wa lugha, kwamba amebeba kitu na sasa akiweke chini.

Jambo hili linastahili kutazamwa kwa karibu. Msichana anaporudi kutoka bombani akiwa na ndoo iliyojaa kichwani, mara nyingi hawezi kuitua peke yake bila kumwaga maji. Hufika mlangoni, hukunja magoti kidogo, na kumwambia aliye karibu, "Nitue." Yule mwenzake hushika ukingo wa ndoo kwa mikono miwili, wote wawili hushuka pamoja, na ndoo hugusa ardhi bila tone kumwagika. Nchini Tanzania usemi wa "kumtua mama ndoo kichwani" umekuwa kaulimbiu ya jitihada za kufikisha maji karibu na makazi ya watu, na kila Mtanzania anaelewa uzito wa kitenzi hicho. Mimi naamini kwamba "tulia" hufaulu pale tu msemaji anapokubali kushika ukingo wa ndoo. Anayesimama mbali na kupaza sauti "Tua!" hajamsaidia mtu.

Mbona watu husema "tulizana" kwa mtu mmoja, wakati kiambishi "-ana" ni cha watu wawili au zaidi?

Ni kweli kwamba "-an-" kwa kawaida huonyesha kutendana, kama katika pigana na pendana. Lakini Kiswahili kina vitenzi vingine vyenye umbo hilo ambavyo havina maana ya kutendana hata kidogo. Tunasema mambo yamefungamana, na nyuzi zimesokotana, bila kudai kwamba kuna mtu aliyemtendea mwenzake. "Tulizana" imeingia katika kundi hilo. Mtu aliyetulizana ni yule ambaye vipande vyake vyote, yaani moyo, akili na mwili, vimekaa pamoja mahali pamoja. Ndiyo maana humsifu mtu aliyeacha ujana na kujenga maisha, ukasikia "siku hizi katulizana". Kama amri, "hebu tulizana" ni nzito kuliko "tulia", kwa kuwa inagusa mwenendo wote wa mtu, wala haikomei kwenye hasira ya dakika ile.

"Tuliza boli" ilitoka wapi?

Ilitoka uwanjani. Boli ni mpira. Mchezaji anayepokea pasi ya juu akiwa amezungukwa na wapinzani ana njia mbili: kuupiga hovyo mbele bila kuangalia, au kuutuliza kwanza mguuni ndipo aamue pa kuupeleka. Watazamaji humpigia kelele autulize. Kutoka hapo msemo ulihamia katika maisha, na leo husikika sana Kenya, na Tanzania pia, kwa mtu anayetaka kujibu tusi kwa tusi au kufanya uamuzi kwa pupa.

Ninaupenda msemo huu kuliko mingi mingine, kwa kuwa haumvunjii mtu heshima. Mchezaji anayeambiwa atulize mpira bado ndiye mwenye mpira. Haambiwi aondoke uwanjani wala haambiwi kwamba hajui kucheza, anakumbushwa tu kwamba muda anao.

Kuna tofauti gani kati ya "punguza munkari", "punguza mori", "punguza jazba" na "punguza mzuka"?

Mfupa wa misemo hii ni mmoja, yaani "punguza" pamoja na jina la kile kilichopanda, lakini majina yenyewe hayalingani.

Munkari ni hasira iliyofika mahali pa kutisha. Katika Kiarabu neno hilo hutaja jambo baya linalokatazwa, na katika mafundisho ya Kiislamu Munkari ni jina la mmoja wa malaika wawili wanaomhoji maiti kaburini, mwenzake akiwa Nakiri. Msikilizaji wa Kiswahili hahitaji kuyajua hayo ili aelewe, lakini uzito wa neno anausikia. Ukimwambia mtu apunguze munkari, umekwisha kudai kwamba amevuka mpaka, kwa hiyo usilitumie kwa mtu aliyeinua sauti kidogo tu.

Mori ni hasira yenye ari ya kupigana. Huambatana na picha ya mtu anayekwenda vitani, na kwa hiyo si lazima iwe aibu. Mtu anaweza kupandwa na mori kwa kuona mnyonge akionewa. Anayeambiwa "punguza mori" anaambiwa pia, kimyakimya, kwamba ushujaa wake umeonekana.

Jazba ina asili ya Kiarabu yenye maana ya kuvuta. Mtu mwenye jazba amevutwa na hisia mpaka hoja zikamponyoka. Ndilo neno la mikutano na midahalo: "tujadili bila jazba" ni kauli inayoweza kusemwa hata mbele ya wazee na viongozi bila kuonekana ya mtaani.

Mzuka umetokana na "zuka", yaani kutokea ghafla, na hapo zamani ulikuwa pepo au kivuli kinachomtokea mtu. Mtaani umegeuka kuwa msisimko wa aina yoyote. Mtu anaweza kuwa na mzuka wa kucheza muziki, wa kufanya kazi au wa kugombana. Kwa sababu hiyo "punguza mzuka" huweza kuambiwa mtu mwenye furaha iliyopita kiasi, jambo ambalo huwezi kulifanya kwa munkari.

Kuna pia "punguza presha", ambayo ina tahadhari yake. Presha ni jina ambalo watu wengi hulitumia kwa ugonjwa wa shinikizo la damu. Mzee anayeishi na ugonjwa huo akiambiwa apunguze presha anaweza kusikia kwamba unamtania kwa maradhi yake. Na "punguza spidi" na "funga breki", zilizotoka barabarani, humfaa zaidi mtu mwenye papara kuliko mtu mwenye hasira.

"Usipaniki" ina maana ya usiogope?

Si lazima. Neno hili limetoka katika Kiingereza, ambako hutaja hofu ya ghafla, lakini katika mitaa ya Tanzania limehama. "Mbona unapaniki?" mara nyingi huulizwa mtu aliyekasirika au aliyejibu kwa ukali kuliko ilivyostahili, hata kama hana hofu yoyote. Msikilizaji asiyezoea matumizi haya hupotea hapo, kwa sababu hutafuta hatari ambayo haipo.

Je, "poa" na "pole" ni maneno ya kumtuliza mtu?

Yote mawili hufanya kazi hiyo, kwa njia tofauti. "Poa" ni kupungua joto: chai hupoa, uji hupoa, na mtu mwenye hasira naye hupoa. Mtaani neno hili limekuwa jibu la salamu, na limekuwa sifa ya kitu kizuri, kwa hiyo amri ya "poa basi" ina ladha nyepesi na ya kirafiki. Haiwezi kubeba ugomvi mkubwa.

"Pole" haitajwi mara nyingi watu wanapoorodhesha misemo ya kutuliza, na kwa maoni yangu ndiyo iliyopaswa kutajwa kwanza. Haimwamuru mtu afanye chochote. Inasema tu kwamba kilichompata kimeonekana. Mtu mwenye hasira, mara nyingi kuliko tunavyokubali, ni mtu aliyeumizwa na ambaye hajasikia mtu yeyote akikiri jambo hilo. Anza na "pole", nyamaza kidogo, kisha utaona kwamba nusu ya misemo mingine haihitajiki tena.

Tofauti ya "usikonde" na "piga moyo konde" ni ipi?

Watu huzichanganya kwa kuwa zinafanana masikioni. "Usikonde" imetokana na "konda", yaani kupungua mwili. Anayekuambia usikonde anakuambia usijipe mawazo mpaka ukapungua uzito, ni sawa na kusema "usijali" au "ondoa shaka", lakini kwa sauti ya mtaani. "Konde" katika "piga moyo konde" ni ngumi, na msemo huo humhimiza mtu ajipe ujasiri mbele ya jambo gumu. Wa kwanza hupunguza uzito wa tatizo. Wa pili hukubali kwamba tatizo ni zito na kumtaka mtu asimame imara. Kumwambia "usikonde" mtu aliyepoteza kazi yake leo ni kumwonyesha kwamba hujamsikia.

Kwa nini nikimwambia mtu "tulia" ndiyo kwanza anazidi kukasirika?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na linastahili jibu refu.

Kwanza kuna mwili. Mtu akikasirika, mwili wake hutoa homoni ya adrenalini, moyo hupiga kwa kasi, misuli hukaza na pumzi hukatika katika vipande vifupi. Hali hiyo haizimwi kwa amri kama taa inavyozimwa. Unapomwamuru atulie papo hapo unamtaka afanye jambo ambalo mwili wake hauwezi kulifanya kwa sekunde hiyo, na kushindwa huko kunamwongezea aibu juu ya hasira.

Pili kuna cheo. "Tulia" ni amri, na amri hutoka juu kwenda chini. Mzazi humwambia mtoto, mwalimu humwambia darasa. Mtu mzima anayeambiwa hivyo mbele ya watu husikia kwamba amefanywa mtoto.

Tatu, na hili ndilo kubwa, "tulia" huhamisha mada. Hapo awali mada ilikuwa jambo lililomkasirisha, na baada ya neno hilo mada inakuwa tabia yake. Niliwahi kupanda basi dogo ambamo mama mmoja alikuwa akidai chenji yake kwa mara ya tatu, akiwa amekaribia kituo chake. Kondakta, kijana mwenye noti zilizokunjwa kati ya vidole, alimjibu bila kugeuka, "Tulia, mama." Yule mama, ambaye mpaka hapo alikuwa amezungumza kwa sauti ya kawaida, alisimama. "Nitulie wakati hela yangu unayo wewe?" Kondakta akarudia, "Si nimesema utulie?" Basi zima likaingia katika ugomvi, kila mmoja na lake. Aliyeumaliza alikuwa abiria mzee aliyekaa nyuma. Alisema mambo mawili tu, na aliyasema taratibu: "Mwanangu, mpe mama chenji yake. Mama, pole, inakuja." Noti zikafunguliwa, hela ikahesabiwa, mama akakaa. Yule mzee hakulitaja neno "tulia" hata mara moja, na ndiye pekee aliyemtuliza mtu siku ile.

Kwa hiyo, kabla ya kulitamka neno hilo, jiulize kama jambo linalolalamikiwa linaweza kurekebishwa sasa hivi. Kama linaweza, lirekebishe kwanza.

Basi ni msemo upi unaofanya kazi vizuri zaidi?

Kwa hasira ya papo hapo napendekeza "shusha pumzi". Faida yake ni kwamba humpa mtu kazi ya kufanya na mwili wake, tena kazi anayoiweza. Kuitoa pumzi polepole husaidia mapigo ya moyo kupungua, kwa hiyo msemo huu, tofauti na mingi, unabeba dawa ndani yake. Ukisema "hebu tushushe pumzi kidogo", ukajihesabu na wewe, na ukaishusha pumzi yako kweli, unakuwa umeondoa pia ule mzigo wa cheo uliotajwa hapo juu.

Maneno madogo kama "hebu", "basi" na "kidogo" yanabadilisha nini?

Yanabadilisha karibu kila kitu. "Tulia basi" ina ombi ndani yake. "Tulia kidogo" humruhusu mtu abaki na sehemu ya hasira yake, na mara nyingi ndicho anachohitaji. "Hebu tulia" ina uvumilivu unaokaribia kuisha. "Tulia wewe" ni ukali, kwa kuwa "wewe" ya mwishoni humnyooshea mtu kidole. Ukiwaambia watu wengi, sema "tulieni". Kusema "tulia" kwa kundi zima huonekana kama kumlenga mmoja wao.

Ni misemo gani inayoonekana ya kutuliza lakini kwa kweli ni ya kejeli?

Ipo mingi, na mgeni wa lugha huingia mtegoni kwa urahisi. "Tulia kama unanyolewa" ina taswira ya mtu aliyekaa chini ya wembe, ambaye akitikisika atakatwa. Anayeisema anajiweka katika nafasi ya mshika wembe. "Tulia dawa ikuingie" ina taswira ya mgonjwa aliyechomwa sindano, na husemwa na mshindi kwa aliyeshindwa, hasa katika ubishi wa mpira na siasa. Anayeambiwa hivyo hatulizwi, anaambiwa avumilie maumivu yake. "Kaa kwa kutulia" husikika kama ushauri, lakini mara nyingi ni onyo. "Utakuwa mpole" ni ahadi kwamba maisha yatamnyoosha mtu.

"Kunywa maji" inategemea kama maji yapo. Kumletea mtu kikombe cha maji na kumwambia anywe ni wema mkubwa, kwani kumeza humlazimisha kunyamaza kidogo. Kumwandikia "kunywa maji" mtu aliye mbali ni kumdhihaki.

"Punguza wenge" humwambia mtu kwamba amechanganyikiwa, na haifai nje ya urafiki wa karibu. "Tuliza mshono", yenye taswira ya kidonda kilichoshonwa kisichotakiwa kutikiswa, ni ya kumsuta mtu, na isisemwe kamwe kwa mtu unayemheshimu. Kejeli hizi zina nafasi yake baina ya marafiki wanaotaniana kwa kupokezana. Kosa ni kuzitumia kwa mtu mwenye maumivu ya kweli, kisha kudai kwamba ulikuwa unamsaidia.

"Potezea", "mezea" na "kausha" nazo ni za kutuliza?

Ziko jirani. Hazimwambii mtu apunguze hasira, bali zinamwambia aliache jambo lenyewe lipite. "Potezea" ni kulifanya kana kwamba halikutokea. "Mezea" ni kulimeza, na kwa hiyo inakiri kwamba linachoma kooni. "Kausha" ni kukaa kimya bila kuonyesha chochote usoni. Methali ya "funika kombe mwanaharamu apite" imo katika ukoo huuhuu, ingawa ni ya zamani zaidi.

Zitumie kwa mambo madogo: neno la kashfa kutoka kwa mpita njia, mzaha uliopitiliza, ubishi usio na faida. Mtu aliyedhulumiwa, aliyepigwa au aliyenyimwa haki yake hapaswi kuambiwa ameze. Nasema hivi kwa uzito wote, kwa kuwa misemo hii imetumiwa mara nyingi kuwanyamazisha watu ambao walikuwa na kila sababu ya kusema, hasa ndani ya nyumba.

Nikitaka kumtuliza mtu aliyenizidi umri au cheo, niseme nini?

Acha misemo ya mtaani kabisa, na acha amri. Mwite kwa jina la heshima linalomfaa, kama mzee wangu, mama, mjomba, shangazi, mkuu au mheshimiwa, kisha utumie umbo la ombi: "Mzee wangu, naomba unisamehe, hebu tukae kwanza nikueleze." Kumkaribisha kiti ni kumtuliza bila kutamka neno la kutuliza. "Yaishe, mama" pia inakubalika, mradi isemwe na mtu anayebeba sehemu ya lawama. Kijana asiyehusika akimwambia mzee "yaishe", huonekana anamfunga mdomo.

Kwa watu wa rika moja uwanja ni mpana. Tanzania utasikia mshikaji, mwanangu, kaka na dada. Nairobi utasikia buda na mse. Jina hilo la kuitana, likitangulia, hufanya kazi kubwa kuliko kitenzi kinacholifuata, kwa sababu linamkumbusha mwenye hasira kwamba bado mko upande mmoja.

Kuna tofauti gani kati ya Kenya na Tanzania?

Tofauti ya kwanza ni ya "wacha" na "acha": Mkenya husema "wacha hasira", Mtanzania "acha hasira". Sheng, iliyokulia katika mitaa ya Nairobi, hukopa zaidi kutoka Kiingereza na lugha za Kenya, na huko utasikia pia "wacha kukaza", yaani acha kujifanya mgumu. Misemo ya "punguza" pamoja na munkari, mzuka au wenge imeenea zaidi Tanzania. Muziki na mitandao ya kijamii vimeifanya mipaka hii kuwa laini, na kijana wa Mombasa na wa Dar es Salaam huelewana bila shida. Yale maneno ya msingi, yaani tulia, pole na basi, hayana mpaka.

Vipi kuhusu "hakuna matata"?

Ni maneno sahihi ya Kiswahili, na nyimbo na filamu zimeyafikisha duniani kote. Lakini katika mazungumzo ya kila siku wengi husema "hakuna shida" au "hamna shida", na msemo huo hueleza kwamba jambo ni jepesi. Kwa mtu aliyekasirika, kusikia kwamba hakuna matata ni kusikia kwamba anayoyaona hayapo.

Je, ninaweza kuitumia misemo hii katika ujumbe wa maandishi?

Unaweza, kwa uangalifu zaidi kuliko unapozungumza. Maandishi hayana sauti wala uso. "Tulia" iliyosemwa kwa upole na mkono begani ni faraja, na "Tulia." iliyoandikwa peke yake yenye nukta ni mlango uliofungwa. Katika kundi la WhatsApp hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa mtu huambiwa atulie mbele ya ndugu au wafanyakazi wenzake wote, na majibu hubaki yakisomwa kwa siku nyingi.

Nashauri mambo mawili. Mwandikie faragha, nje ya kundi. Na andika sentensi kamili inayotaja jambo lililomuudhi: "Nimeona ulivyojibiwa kuhusu michango, pole sana, nikupigie tuongee?" ina nguvu kuliko misemo kumi. Ikiwa ni lazima ujibu kundini, sema na wote, si na yeye peke yake: "Jamani, tutulize boli kidogo, kila mtu atasikilizwa."

Katika maandishi rasmi nitumie nini?

Tumia "tunaomba utulivu", "tuwe watulivu" au "tujadili bila jazba". Misemo mingine iache mtaani, isipokuwa unainukuu.

Mtoto anayelia na mtu aliyefiwa waambiwe nini?

Mtoto huambiwa "basi, basi" huku akipapaswa mgongoni, na kinachomtuliza ni mdundo na mkono kuliko maana. Aliyefiwa haambiwi atulie. Anaambiwa pole, na anaachwa alie. Tukimwambia "jikaze" mapema mno, tunamtaka auzuie mzigo wake hewani badala ya kumsaidia kuutua.

Mtu akishatulia, niseme nini?

Usimwambie "si nilikuambia utulie?", kwa kuwa maneno hayo hufungua ugomvi upya, safari hii juu ya nani alikuwa sahihi. Kauli inayofaa ni "basi, yaishe", nayo ni ya watu wawili: mmoja huitoa, mwingine huipokea. Sikiliza jibu. Akisema "yameisha", usiyarudie hata kwa utani. Akijibu "sawa" peke yake, kwa sauti fupi, bado hayajaisha. Mpe muda, kisha mtafute kesho.